Kumkanda mtoto mwenye saratani: mahali salama na mahali pa hatari

Mtoto akiumwa, mkono wa mama au bibi ndio hufika kwanza. Tunamchua mgongo, tunamkanda miguu, tunampaka mafuta mpaka alale. Akigundulika na saratani, walezi wengi huuliza: je, niendelee au niache? Huna haja ya kuacha kumgusa mwanao. Unachohitaji ni kujua mahali pa kugusa, nguvu ya kutumia na siku ya kusubiri.

Kukanda kunasaidia nini?

Kukanda hakutibu saratani wala hakupunguzi uvimbe. Kunaweza kupunguza wasiwasi na maumivu, na kumsaidia mtoto kulala. Pia kunamkumbusha kwamba si kila mkono unaomgusa unakuja na sindano. Wengine huogopa kwamba kumpapasa kutasambaza ugonjwa. Kumpapasa kwa upole, mahali pasipo na uvimbe, hakusambazi saratani.

Tumbo lililovimba: usilikande

Hili ndilo la muhimu kuliko yote. Watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka 5, wanaweza kupata saratani ya figo iitwayo uvimbe wa Wilms. Mara nyingi mama huugundua akimwogesha mtoto: tumbo limejaa upande mmoja na ni gumu, lakini mtoto huenda anacheza kama kawaida. Nyumbani watu hudhani ni minyoo, bandama au choo kigumu, na tumbo huanza kukandwa.

Uvimbe huu ukibonyezwa unaweza kupasuka, na seli za saratani zikamwagika tumboni. Hapo mtoto atahitaji matibabu makali zaidi, ikiwemo mionzi. Ndiyo maana hata wahudumu wa hospitali hujizuia kulibonyeza tumbo hilo mara kwa mara. Kwa hiyo lisikandwe, lisichuliwe, lisifungwe kitambaa cha kubana. Mpeleke mtoto hospitali apimwe kwa ultrasaundi. Akiwahi na kumaliza matibabu, ana nafasi kubwa ya kupona.

Usimkande pia:

- Penye uvimbe wowote, kama taya au shingo.
- Mkono au mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na kukanda kunaweza kulisukuma bonge hilo hadi kwenye mapafu. Wahi hospitali.
- Mahali mfupa unapouma. Saratani inaweza kudhoofisha mfupa.
- Penye kidonda, mshono, dripu au ngozi iliyopigwa mionzi. Ngozi hiyo usiipake mafuta bila kuuliza wodini.
- Akiwa na madoa mekundu au alama za kuvilia damu, au akitoka damu puani au kwenye fizi. Seli zinazogandisha damu huenda zimepungua. Wasiliana na hospitali siku hiyo hiyo.
- Akiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi. Kwa mtoto aliye kwenye tibakemia, hii ni dharura. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Namna ya kumkanda kwa usalama

1. Muulize kwanza daktari au muuguzi wa wodi: "Nimkande wapi, na wapi nisiguse?"
2. Nawa mikono kwa sabuni, kata kucha, vua pete.
3. Tumia mafuta kidogo yasiyo na harufu. Harufu kali huongeza kichefuchefu.
4. Papasa viganja, mabega na nyayo polepole, kwa nguvu ile ile unayotumia kumpaka mafuta baada ya kuoga. Usibonyeze wala kuvuta viungo.
5. Dakika 5 hadi 10 zinatosha. Mtoto akisema basi, ni basi.

Dawa ya vinkristini inaweza kuleta ganzi na kuchomachoma kwenye nyayo. Akivuta mguu, hamia kwenye viganja. Dawa hiyo pia hufunga choo. Usikande tumbo ili choo kitoke. Mweleze daktari ampe dawa ya kulainisha choo.

Waeleze haya bibi, shangazi na dada wa kazi, kwa sababu nao humshika mtoto ukiwa haupo. Siku ambayo hairuhusiwi kumkanda, kaa karibu naye umshike mkono. Hilo nalo humtuliza.