Ng'ombe anaona nini anapogoma kuingia kwenye josho?

Msikilizaji wetu wa Chonyonyo na Karagwe yote, hali hii unaijua. Ng'ombe wanakwenda vizuri kuelekea josho, ghafla wa mbele anasimama na kuinamisha kichwa. Anachapwa fimbo, wa nyuma wanasukumana, mtu anapigwa teke. Mara nyingi huo si ukaidi. Ng'ombe ameona kitu.

Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kama ya farasi. Bila kugeuka, anaona karibu nyuzi 330 kati ya 360 za duara zima. Asipopaona ni nyuma yake kabisa. Ukimjia kimyakimya kutoka huko, atashtuka na kurusha teke. Mjie kwa ubavuni, huku ukimsemesha.

Lakini eneo analoliona kwa macho yote mawili kwa pamoja ni dogo, nalo liko mbele tu. Hapo ndipo anapopima vizuri umbali na kina. Ndiyo maana kivuli au dimbwi njiani humtia wasiwasi kama shimo. Anainamisha kichwa ili apime.

Wataalamu wanajuaje, wakati mnyama hasemi? Njia moja ni kumfundisha kwamba kwenye kadi ya rangi fulani kuna chakula, kisha kubadilisha rangi na mwangaza wa kadi ili kuona kama bado anapatia. Farasi wamepimwa hivyo. Njia nyingine ni kumulika jicho kwa mwanga wa rangi mbalimbali na kupima umeme mdogo unaotokea kwenye jicho.

Mwaka 1998, Gerald Jacobs na wenzake wa Marekani walitoa matokeo ya kupima ng'ombe, mbuzi na kondoo kwa njia hiyo. Walikuta wana aina 2 za chembe za kupokea rangi. Sisi binadamu tunazo 3. Kwa hiyo nyekundu na kijani hawazitofautishi kama sisi. Shati jekundu si tatizo. Kupungapunga ndiko kunakomshtua.

Sasa, kabla ya kuswaga, pita wewe kwanza njia ya josho. Ondoa kamba, nguo zilizotundikwa na mifuko inayopepea. Fukia madimbwi. Kivuli huwezi kukiondoa, basi mpe wa mbele muda aangalie. Akivuka yeye, wenzake watamfuata, na fimbo itapumzika.