Oregano Ipi ya Kupanda?

Anayesifia harufu ya oregano kwenye piza anasifia hasa kavakroli, kiini kikali cha mafuta ya jani. Chukua jani bichi ulielekeze kwenye mwanga, ukitazama kwa makini utaona vitone vidogo vidogo: hivyo ndivyo vifuko vya mafuta. Ukilipekecha kwa vidole vinapasuka, na harufu inakujaa mkononi. Tatizo ni kwamba mimea mingi inayouzwa kwa jina la oregano ina mafuta hayo kidogo mno, na mtu anaweza kuimwagilia miezi mizima asipate kiungo chenye maana.

Oregano ya mwituni ya Ulaya, Origanum vulgare yenye maua ya waridi, ni ya aina hiyo. Nyuki wanaipenda na bustani inapendeza, lakini chunguni haisemi kitu. Ya kutafuta ni nduguye wa Ugiriki, ambaye wataalamu humwita hirtum: maua yake ni meupe, majani yana vinyweleo, na ukitafuna moja tu ulimi unaingia ganzi. Mmea huu ukikauka, ukali wake unazidi. Wagiriki huufikicha mkavu juu ya nyama ya kondoo, viazi vya kuoka na saladi ya nyanya. Uturuki, inayoongoza duniani kwa kuuza oregano nje, huuza kwa wingi spishi nyingine, Origanum onites, nayo haina unyonge. Ile ya Shamu, Origanum syriacum, ndiyo roho ya zaatari inayoliwa na mkate na mafuta ya zeituni. Marjoramu ni jamaa yao mpole na mtamu. Itie sufuria ikikaribia kuepuliwa, maana moto mrefu unaimaliza.

Kwa nini basi watu wanaishia na mmea usio na ladha? Mara nyingi ni kwa sababu ya mbegu. Jamii hii huchavushana kwa urahisi, kwa hiyo miche ya pakiti moja inaweza kutofautiana sana. Mimi nashauri vipandikizi. Nenda kwenye kitalu, omba ruhusa utafune jani, na ukipata mmea mkali kata ncha changa zisizo na maua, urefu wa kidole. Ondoa majani ya chini, uchomeke kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini, hadi mizizi itoke. Ukilazimika kutumia mbegu, zimwage juu ya udongo bila kuzifukia, kwani ni ndogo kama vumbi na zinahitaji mwanga ili ziote.

Baada ya hapo, usiudekeze. Huu ni mmea wa milima ya mawe na jua kali. Samadi nyingi huleta majani makubwa yenye harufu hafifu, na maji yanayotuama huozesha mizizi. Changanya udongo na mchanga mkavu wa chengachenga, hakikisha chungu kina matundu, na subiri udongo ukauke juu kabla ya kumwagilia tena. Vuna pale vitumba vinapoanza kujitokeza, kabla maua hayajafunguka, ukaanike kivulini penye upepo.

Iko pia mimea isiyo na undugu wa karibu na hii ila imebeba harufu ileile. Oregano ya Meksiko, Lippia graveolens, ni ya ukoo wa lantana na hukubaliana sana na maharage na pilipili. Nyingine huitwa oregano ya Kuba, Coleus amboinicus, yenye majani manene, laini, yenye manyoya. Jina lisikudanganye: huota kiasili kwetu, kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini. Kusini mwa India huchovya jani zima kwenye uji wa unga wa dengu na kulikaanga. Kwa msomaji wa pwani, ambako joto na unyevu huisumbua ile ya Ugiriki, ningeanza na hii: tawi moja lililovunjwa na kuchomekwa ardhini linatosha. Tumia majani machache tu, kwani yana nguvu.