Kwao Kuna Wazimu?

Kabla ya mahari kutajwa na wazee kukaa, kuna uchunguzi hufanywa kimyakimya. Shangazi hupiga simu mashambani. Jirani wa zamani wa mtaa wa Jericho au Kaloleni, Nairobi, huulizwa pembeni. Yanayotafutwa si mengi, na moja halikosi: kwao kuna wazimu? Nimeona uchumba ukivunjika kwa sababu ya mjomba mmoja aliyewahi kulazwa Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili ya Nairobi. Nimeona pia dada wa mgonjwa, mzima wa akili na mwili, akikata shauri mwenyewe kwamba hataolewa wala kuzaa, asije akampitishia mtoto "kitu cha kwao". Huyo ndiye ninayemwandikia hasa.

Swali la wazee si la kijinga. Skizofrenia, ugonjwa ambao wengi huufikiria wanaposema wazimu, kweli hufuata ukoo kwa kiasi fulani. Mgonjwa husikia sauti zisizosikiwa na wengine, huamini kwamba anaandamwa au kwamba redio inamsema yeye, na maneno yake hukosa mpangilio. Hata sauti zikitulia, mara nyingi hubakia uzito wa kuamka, kuoga na kukaa na watu. Katika maisha yote huwapata watu kama mmoja kwa kila 100. Kosa la wazee huanza wakishapata jibu. Wakiambiwa kwamba yupo mmoja, huona kana kwamba watoto wote watakaozaliwa wameshahukumiwa.

Tuhesabu basi. Denmark huweka rekodi za kila mzazi, kila mtoto na kila anayelazwa hospitalini, na mwaka 2010 watafiti walizitumia rekodi hizo kufuatilia watu zaidi ya milioni mbili na nusu. Kwa wasio na mzazi mgonjwa, chini ya mmoja kati ya 100 alipata skizofrenia. Kwa wenye mzazi mmoja mgonjwa, 7 kati ya 100. Kwa wale ambao baba na mama wote walikuwa wagonjwa, 27 kati ya 100. Geuza hesabu uitazame kwa upande wa pili: mtoto wa mama mwenye skizofrenia ana nafasi 93 kati ya 100 za kutoipata. Kaka au dada wa mgonjwa yuko karibu na 9 kati ya 100. Ukifika kwa binamu, hatari imeshuka hadi kama 2, si mbali na ile ya mtu yeyote anayepanda matatu Jogoo Road. Mjomba aliyevunja ule uchumba hakuwa tishio lolote la maana kwa watoto wa mpwa wake. Tena wagonjwa wengi hawana mzazi wala ndugu wa tumbo moja mwenye ugonjwa huu, kwa hiyo ukoo uliojibu "kwetu hakuna" haujapewa hakikisho lolote.

Kuna anayeweza kusema kwamba watu wa nyumba moja hurithishana mengi yasiyo ya damu: umaskini, vipigo, hofu, malezi. Hoja hiyo ilijibiwa mwaka 1966 na daktari Mmarekani, Leonard Heston, aliyewatafuta watu wazima 47 waliozaliwa na akina mama wenye skizofrenia katika hospitali za jimbo la Oregon, wakatengwa na mama zao siku chache tu baada ya kuzaliwa na kulelewa kwingine. Watano kati yao waliugua. Kati ya 50 waliotengwa hivyo hivyo lakini mama zao hawakuwa wagonjwa, hakuugua hata mmoja. Mtoto aliyelelewa mbali na mama bado alibeba sehemu ya hatari yake.

Matokeo hayo yaliwatua akina mama mzigo mzito. Miaka ya 1940 na 1950 baadhi ya madaktari wakubwa wa Marekani walifundisha kwamba skizofrenia huletwa na mama asiye na upendo. Lawama hiyo haijafa. Bado nakutana na akina mama wa Kayole na Dandora wanaoambiwa na wakwe zao kwamba walimharibu mtoto kwa kumpeleka kwa yaya mapema mno au kwa kumchapa sana. Nawaambia wazi, na ninarudia hapa: malezi yenu hayakuleta ugonjwa huu.

Mapacha wanaofanana hutuonyesha mpaka wa urithi unapoishia. Jeni zao ni zile zile, lakini katika utafiti mkubwa wa mapacha wa Denmark uliotolewa mwaka 2018, mmoja alipougua, mwenzake naye aliugua katika kisa kimoja tu kati ya vitatu. Watafiti hao hao walikadiria kwamba asilimia 79 ya tofauti za hatari baina ya watu inatokana na jeni. Watu huisoma vibaya takwimu hii. Haisemi kwamba mtoto wako ana uwezekano wa asilimia 79 wa kuugua. Inaeleza kwa nini watu katika jamii hutofautiana, haimtabirii mtu mmoja kitu.

Jeni zenyewe ni zipi? Kwa miongo mingi wanasayansi waliwinda moja, "jeni ya wazimu", na kila aliyetangaza kuinasa alikanushwa. Mambo yalibadilika walipoacha kuwinda peke yao wakaunganisha sampuli za nchi nyingi. Mwaka 2014 walionyesha sehemu 108 zinazohusika katika jenomu, yaani jumla ya urithi wa jeni wa mtu. Mwaka 2022, kwa kulinganisha wagonjwa 76,755 na watu 243,649 wasio na ugonjwa, sehemu zikafika 287. Kila moja huongeza hatari kidogo mno, na zipo nyingine nyingi ambazo hazijaonekana. Ni kama mchango wa harambee ambapo kila mtu ametoa shilingi chache: huwezi kumnyooshea mmoja kidole ukasema ndiye aliyejenga, ila zikikusanyika nyingi mahali pamoja, jengo husimama.

Maana yake ni kwamba kila mmoja wetu anabeba baadhi ya tofauti hizi ndogo za jeni. Mimi, wewe, pasta wenu, na yule shangazi aliyepiga simu mashambani. Hakuna ukoo usio nazo, ni kiasi tu kinachotofautiana. Mtu akijivunia kwamba kwao ni safi, ukweli ni kwamba zile shilingi hazijawahi kukutana kwa wingi ndani ya mtu mmoja wa kwao.

Ziko pia tofauti adimu zenye nguvu kubwa. Iliyo maarufu ni kupotea kwa kipande kidogo cha kromosomu ya 22. Mtoto mwenye upungufu huo huenda akazaliwa na tundu la moyo au kaakaa lililopasuka, na watu kama mmoja kati ya wanne wenye hali hii hupata skizofrenia ukubwani. Lakini wengi mno wao hawakurithi upungufu huo: kipande kilipotea upya yai au mbegu ilipokuwa ikiundwa, na wazazi wote wawili ni wazima. Kwa watu hao, kuchunguza ukoo kusingefichua chochote.

Kuna jeni moja ambayo huwa napenda kuieleza kwa wazazi, kwa sababu inajibu swali wanaloniuliza kwa uchungu: kwa nini alikuwa sawa hadi kidato cha nne? Jeni hiyo huitwa C4, na kazi yake ya kawaida ni kinga ya mwili. Mwaka 2016 kikundi cha Steven McCarroll huko Boston kilionyesha kwamba C4 hushiriki pia katika ubongo, kwa kuweka alama kwenye viunganishi vya seli za neva ambavyo vitaondolewa. Ubongo wa kijana hupunguza viunganishi hivyo kwa wingi, na ni jambo jema, ndivyo unavyokomaa. Walio na aina ya C4 inayofanya kazi kupita kiasi wana hatari iliyozidi kidogo, na wazo linaloungwa mkono na wengi ni kwamba kwao upunguzaji hupitiliza. Hii haielezi ugonjwa wote. Inasaidia tu kueleza kwa nini wavulana huanza kuugua mwishoni mwa ujana, wasichana mara nyingi wakichelewa miaka kadhaa, na kwa nini mtu anaweza kuwa wa kwanza darasani na bado akaugua.

Je, mchumba apimwe damu? Hapana. Sehemu zile 287 zinaweza kujumlishwa zikawa alama moja ya hatari, na zipo kampuni ng'ambo zinazouza vipimo vya namna hiyo. Hata Ulaya, alama hiyo haitoshi kumwambia mtu mmoja ataugua au la. Kwetu ni dhaifu zaidi, kwa kuwa imetengenezwa hasa kutokana na watu wenye asili ya Ulaya na sehemu ya Asia Mashariki. Afrika ndiko binadamu alikoishi muda mrefu zaidi, kwa hiyo tofauti za jeni ni nyingi kuliko kwingine kokote, na alama za Wazungu hupoteza uwezo zikisomwa kwa Waafrika. Ghorofa moja tu ya Umoja au Huruma ina Mkamba, Mjaluo, Mluhya, Mkisii na Msomali, watu ambao mababu zao walipitia njia tofauti kwa maelfu ya miaka. Alama moja haiwezi kuwasoma wote kwa usahihi mmoja.

Ndiyo maana kazi inayofanywa Afrika ina uzito. Mwaka 2020 watafiti walichapisha uchunguzi wa Waxhosa 909 wenye skizofrenia na 917 wasio nayo nchini Afrika Kusini. Wagonjwa walikuwa na mabadiliko adimu yenye madhara zaidi katika jeni za viunganishi vya ubongo. Nao mradi wa NeuroGAP-Psychosis umeziunganisha Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, lengo likiwa wagonjwa 17,000 wa skizofrenia na maradhi yanayokaribiana nayo, pamoja na wasio wagonjwa idadi kama hiyo. Hapa Kenya ulisimamiwa na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na kituo cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kilichoko Kilifi. Walioshiriki walitoa mate, na kabla ya kukubaliwa waliulizwa maswali ili ithibitike kwamba wameelewa wanachokubali.

Nasisitiza hilo la kukubali kwa sababu Nairobi ina historia mbaya katika jambo hili. Mathari ilianza mwaka 1910. Miaka ya 1930 daktari wake, H. L. Gordon, alikuwa kinara wa chama cha walowezi cha "kuboresha mbari" kilichoundwa Nairobi mwaka 1933, akidai kwamba ubongo wa Mwafrika umeumbwa duni. Mwenzake F. W. Vint alipima bongo za Waafrika akatoa makala mwaka 1934 ya kuunga mkono dai hilo. Aliyesimamia Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, J. C. Carothers, aliandika kitabu kilichochapishwa mwaka 1953 na Shirika la Afya Duniani, akidai kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Hakuna hata dai moja kati ya hayo lililosimama. Utafiti wa shirika hilo hilo ulioanza miaka ya 1960 katika nchi tisa, Nigeria ikiwemo, ulikuta skizofrenia ileile kila mahali. Mtu wa Eastlands, mitaa hii ya mashariki ya Nairobi, akisita kutoa mate yake leo, ana haki ya kuuliza maswali yote, na mtafiti ana wajibu wa kuyajibu.

Kwa aliye na ndugu mgonjwa, jambo moja liko mikononi mwake: bangi. Uchunguzi wa mwaka 2019 katika miji ya Ulaya na Brazil uligundua kwamba wanaoivuta kila siku walikuwa na uwezekano zaidi ya mara tatu wa kuugua saikosisi, yaani hali ya kusikia sauti na kuamini yasiyo kweli, kuliko wasioivuta, na karibu mara tano kama ni ile kali. Ni kweli kwamba baadhi ya jeni za skizofrenia humvuta mtu pia kwenye bangi, kwa hiyo si lawama yote iwe juu ya msokoto. Hata hivyo, kijana wa miaka 16 ambaye kaka yake yuko kliniki asiiguse. Kujifungua kwa shida, mtoto akakosa hewa, nako huongeza hatari kiasi, na kuhudhuria kliniki ya wajawazito mapema ni sehemu ya kuulinda ubongo wa mtoto, awe atazaliwa hospitali ya Pumwani au kwingine. Kuishi mjini kwenyewe hakuna hatia iliyothibitishwa kwetu: Ulaya waliozaliwa mijini huugua zaidi, lakini uchambuzi wa mwaka 2018 wa nchi 42 za kipato cha chini na cha kati haukuona tofauti hiyo.

Ipo jeni nyingine ambayo haihusiki kabisa na kuleta skizofrenia, lakini familia inayomuuguza mtu inafaa kuijua. Waafrika wengi wana tofauti katika jeni inayoitwa ACKR1, iliyosambaa Afrika kwa kuwa inakinga dhidi ya aina moja ya malaria. Wenye nayo huwa na idadi ndogo ya chembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili, na ni wazima kabisa. Tatizo huja kwenye klozapini, dawa inayosaidia kuliko nyingine pale ambapo dawa mbili za kawaida zimeshindwa. Klozapini mara chache huweza kushusha chembe hizo hadi hatarini, kwa hiyo damu hupimwa kila mara. Kwa kipimo cha jumla cha Marekani, mgonjwa huhitaji angalau chembe 1,500 kwa kila maikrolita ili aanzishiwe dawa. Nchi hiyo ilitambua mwaka 2015 kwamba mwenye hali hii ya kuzaliwa nayo anaweza kuanza akiwa na 1,000. Kama ndugu yako amenyimwa klozapini au ameachishwa kwa sababu "damu iko chini", muulize daktari kama hiyo ndiyo hali yake ya siku zote au imeshuka baada ya dawa, na uombe apimwe tena kabla uamuzi haujawa wa mwisho.