Kompyuta ilizimika usiku wa kazi, kila mtu akailaumu Windows 10

Ilikuwa saa nane usiku, Jumatano kuamkia Alhamisi, na video ilikuwa imefika asilimia 71.

Halafu skrini ikageuka buluu. Kikatokea kile kiuso cha huzuni na maneno mawili matatu ya Kiingereza, kisha kompyuta ikajizima na kujiwasha yenyewe.

Kwa mtu anayetumia kompyuta kutazama filamu, hiyo ni kero tu. Kwangu ilikuwa kodi ya nyumba. Mimi huhariri video za harusi na ruracio nikiwa kwa keja yangu hapa Kasarani. Hii ilikuwa ruracio ya Murang'a, na mteja aliitaka Jumamosi asubuhi. Tulikuwa tumeelewana Sh15,000. Alikuwa amenitumia Sh8,000 za kuanzia, na hizo zilikuwa zishafika kwa landilodi.

Kibaya zaidi, video zote mbichi za siku hiyo zilikuwa kwa diski yangu pekee. Mpiga picha alikuwa ameshafuta kadi zake ili azitumie kwa kazi nyingine. Mle ndani kulikuwa na cucu wa bibi harusi akiwabariki wajukuu wake. Sasa hebu niambie, utampigia cucu simu umwambie arudie baraka kwa sababu kompyuta yako imekwama?

Sanduku nililoliunda mwenyewe

Niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea diploma ya teknolojia ya habari, karo ikakosekana, basi. Nilichobaki nacho ni kupenda kufungua vitu nione ndani kuna nini.

Kwa muda wa miezi saba nilinunua vipande kimoja kimoja kule Luthuli Avenue. Madabodi na prosesa ya Core i5-4570 vilikuwa mtumba kutoka Uingereza. Kadi ya picha ni GTX 1050 Ti, ambayo haili umeme mwingi. Diski ni SSD. Kasha nalo limechubuka rangi, lakini linafunga. Jumla ilikuwa Sh31,500. Mama huiita "hilo sanduku."

Sanduku lenyewe linaendeshwa na Windows 10, na hapo ndipo kesi ilipoanzia.

Kama hukusikia, Microsoft iliacha kuipa Windows 10 masasisho ya bure ya usalama mnamo Oktoba 14, 2025, miaka kumi na ushee tangu izinduliwe Julai 29, 2015. Ukitaka Windows 11 kwa njia rasmi, mashine yako iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kama prosesa ni ya Intel, kwa jumla iwe ya kizazi cha 8 kwenda juu. Yangu ni kizazi cha 4. Kwa hivyo ndoa hiyo haipo.

Sasa ona mpangilio wa siku. Windows inaachwa tarehe 14. Kompyuta yangu inaanza kuzimika ovyo tarehe 20. Kila niliyemuuliza alikuwa na jibu moja.

"Siz, hiyo Windows imekwisha muda. Microsoft wameizima," fundi mmoja wa mtaani aliniambia Alhamisi asubuhi, hata kasha hajafungua. "Hapo ni mashine mpya tu. Kuna moja hapa nakupea kwa Sh42,000. Ama nifomati hii nikuwekee Windows 11 ya kulazimisha, unipe elfu mbili."

"Na video zangu?"

"Kama ziko kwa C zitaenda. Lakini si utapiga zingine?"

Nilibeba sanduku langu nikarudi nyumbani kwa bodaboda nikiwa nimelikumbatia kama mtoto.

Kwanza, ni nini kilibadilika?

Nikiwa kwa bodaboda nilikuwa nimekasirika, lakini pia nilikuwa nawaza. Usaidizi wa Windows 10 kuisha si swichi iliyobonyezwa mahali. Oktoba 15 kompyuta za Windows 10 ziliwaka kama kawaida. Kilichokoma ni viraka vya bure vya kuziba mianya mipya ya usalama.

Ni kama ploti ambayo soja ameacha kazi. Nyumba haibomoki siku hiyo. Ila mwizi akipata upenyo, hakuna wa kuuziba.

Basi nikatoa daftari. Kila mara kompyuta ilipozimika nilikuwa nimepiga picha ya skrini kwa simu, na sasa nikaziandika moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilisema MEMORY_MANAGEMENT. Ya pili, PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Ya tatu, IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL.

Usiogope hayo maneno. Cha kuangalia ni kwamba hayafanani. Programu au draiva ikiwa mbovu, mara nyingi inarudia kosa lile lile, wakati mwingine hata faili lile lile linatajwa. Makosa yakiwa yanabadilikabadilika hivi, unaanza kushuku vyuma vyenyewe, hasa RAM.

Chini ya hapo nikaandika swali ambalo fundi hakuniuliza: kabla ya haya yote kuanza, niligusa nini?

Jibu likanijia polepole. Oktoba 18, Jumamosi, nilinunua kipande cha pili cha RAM cha 8GB kwa Sh1,800, nikakichomeka mwenyewe kwa sloti iliyokuwa wazi. Kazi ya Murang'a ilikuwa ya 4K, na kwa 8GB peke yake programu ya kuhariri ilikuwa inakata pumzi. Nilifurahi hadi nikasahau kwamba niligusa kitu.

Jaribio lililoiondolea Windows lawama

Jioni hiyo niliazima laptopu ya jirani nikaweka Linux Mint kwa flashi. Uzuri wa Mint ni kwamba unaweza kuiwasha moja kwa moja kutoka kwa flashi bila kuisakinisha. Diski yako haiguswi mpaka wewe mwenyewe uamue. Mpango wangu ulikuwa kunakili zile video hadi kwa diski ya nje kabla ya kujaribu jambo lingine lolote.

Ikawaka fiti. Nikaanza kunakili. Dakika ya kumi na mbili, kila kitu kikaganda. Kishale cha panya kikasimama katikati ya skrini.

Niliketi nikaitazama. Windows 10 haikuwa hata imewaka.

Hapo ndipo nilijua kwamba ningetoa Sh2,000 za Windows 11 nipoteze video, na kompyuta ingeendelea kuzimika vilevile.

Nikazima, nikachomoa waya ukutani, nikabonyeza kitufe cha kuwasha sekunde chache kumaliza umeme uliobaki, nikagusa chuma cha kasha, kisha nikang'oa kile kipande kipya cha RAM. Nikawasha Mint tena na 8GB za zamani. Gigabaiti 214 zikapita zote bila kukwama. Cucu na baraka zake sasa walikuwa mahali pawili. Ndipo nikapika chai.

Kabla ya kulala nilirudisha kile kipande nikawasha Memtest86+, programu ya bure inayopima RAM hata kabla ya Windows kuwaka. Dakika chache tu, mistari myekundu ikaanza kushuka.

Nikasema nimempata mwizi. Ni yule wa Luthuli.

Aibu ya Ijumaa

Ijumaa asubuhi nilifika dukani kwake moto.

"Kaka, ulinipea kitu mbovu. Nina kazi ya watu."

Hakubishana. Alikichukua kile kipande, akakichomeka kwa mashine yake ya majaribio, akawasha Memtest86+ ile ile, akaniambia niketi. Nilikaa pale zaidi ya saa moja, wateja wengine wakinitazama. Raundi ikaisha. Makosa: sufuri.

"Dadangu," akasema taratibu, "hiyo sloti uliyochomeka ilikuwa imewahi kutumika?"

"Kwangu, hapana."

"Na uliisafisha?"

Nikanyamaza.

Akanieleza bila kunicheka. Madabodi ya mtumba inaweza kuwa imekaa miaka sloti moja ikiwa wazi. Vumbi linajaa mle. Ukisukuma RAM juu ya vumbi, kuna pini zinagusa na kuna zinazogusa nusu. Kompyuta itawaka na itakuonyesha 16GB. Lakini ukiibebesha kazi nzito, mahali fulani data inaharibika na mfumo unaanguka. Ndiyo maana haikuzimika nikiwa naandika barua pepe, ila wakati wa kurenda.

Akanipa brashi ndogo mpya. Nilipotoa pesa akakataa.

Nyumbani nilimulika ile sloti kwa tochi ya simu. Ilikuwa na manyoya ya vumbi kama kona ya kabati. Nikaipiga brashi, nikapuliza kwa pampu ya mkono, nikasugua meno ya dhahabu ya RAM polepole kwa kifutio cha penseli na kupangusa mabaki. Kisha nikakisukuma kile kipande mpaka vibano vyote viwili vikalia, ta, ta. Kumbukumbu ikanijia kwamba mara ya kwanza nilisikia "ta" moja.

Memtest ikazunguka raundi mbili kuanzia saa nane mchana. Sufuri. Saa tatu usiku nikaanza kurenda, nikaketi hapo na chai. Ilipofika asilimia 71 sikupumua. Ikapita. Saa sita na dakika ishirini ikaisha.

Jumamosi mteja alipokea video yake, na saa nne kasoro dakika kumi M-Pesa ikalia: Sh7,000. Gharama ya kutengeneza ilikuwa nauli ya kwenda mjini na kurudi. Yule kaka wa Luthuli nilimtumia ujumbe wa kuomba msamaha. Alinijibu kwa kidole gumba.

Lakini Windows 10 haijasafishwa kabisa

Msinielewe vibaya. Sisemi mkae na Windows 10 hivi hivi mpaka uzee. Kukosa viraka hakuizimi kompyuta, lakini ni hatari ya kweli, hasa kama unaingia kwa benki ama KRA ukitumia mashine hiyo.

Mnamo Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga faili za watu kote duniani na kudai malipo, zikiwemo za hospitali za umma Uingereza. Kiraka cha kuzuia mwanya ule kilikuwa kimetolewa Machi, miezi miwili kabla. Walioumia zaidi ni waliokuwa hawajakiweka. Sasa fikiria mashine ambayo haitaletewa kiraka kamwe.

Kwa hivyo jua mashine yako iko wapi. Tazama namba baada ya i5 ama i7. Namba ya i5-4570 inaanza na 4, hicho ni kizazi cha 4. i5-8400 ni cha 8, na i5-10400 ni cha 10. Ukiwa na cha 8 kwenda juu, kuna uwezekano mzuri wa kuhamia Windows 11 bila kulipa chochote.

Ukiwa chini ya hapo kama mimi, kuna njia tatu. Ya kwanza, Microsoft inatoa masasisho ya ziada ya usalama kwa watu binafsi hadi Oktoba 13, 2026. Ni dola 30, ama bure ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yako huko. Utapata mahali pa kujiandikisha kwenye Windows Update. Mimi nimejiandikisha, lakini najua hiyo ni ya muda tu.

Ya pili ni kuhamia Linux Mint. Ni bure na haibagui prosesa za zamani. Programu za Adobe hazina toleo la Linux, lakini DaVinci Resolve inalo, na ndiyo ninajifunza sasa. Ya tatu ni kulazimisha Windows 11. Inawezekana, ila Microsoft yenyewe imesema mashine zisizofikia vigezo hazina uhakika wa kupata masasisho. Unaweza kujikuta pale pale ulipotoka.

Kabla hujatoa doo

Kompyuta yako ikianza vituko, fanya haya kabla ya mtu kukuuzia nyingine.

Okoa faili zako kwanza. Usikubali kufomati chochote kabla ya hapo, hata fundi akiwa na haraka.

Andika kila kosa na saa lilipotokea, kisha jiulize ni nini ulibadilisha wiki hiyo.

Washa mfumo mwingine kutoka kwa flashi. Tatizo likikufuata huko, usilaumu Windows. Likipotea, anza kushuku Windows ama draiva zake.

Gusa kitu kimoja kwa wakati, kisha ujaribu tena. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, hata ikipona hutajua ni kipi kilichoiponya. Na usimshtaki mtu kabla hujapima upande wako. Hilo nimelilipia kwa aibu.

Jumapili Mama alinipigia.

"Hilo sanduku lako limepona?"

"Limepona, Mama."

"Lilikuwa na nini?"

"Vumbi."

Akacheka. "Si nilikuambia uwe unapangusa hapo kwako?"