Mchezo mkongwe ukivishwa sura mpya, nani hubaki nje?

WAHENGA walinena kuwa ya kale ni dhahabu. Kauli hiyo huwatia mashakani waundaji wa michezo ya tarakilishi, kwa maana dhahabu yao huchakaa upesi. Picha zilizowastaajabisha watu mwaka 1999 leo huonekana kama michoro ya mtoto. Mwundaji asipoukarabati mchezo wake, wachezaji wapya hawaji. Akiukarabati kupita kiasi, wale wa zamani humlaumu kwamba ameua kile walichokipenda.

Ni michezo michache inayodhihirisha mtihani huo kama Counter-Strike, mchezo wa kufyatuliana risasi unaochezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia mtandao. Ulianza mwaka 1999 mikononi mwa vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, kama nyongeza ya bure katika mchezo mwingine uitwao Half-Life. Kampuni ya Valve ya Marekani iliuchukua na kuutoa rasmi Novemba 2000.

Kanuni zake ni chache. Katika mashindano huwa na vikosi viwili vya watu watano watano. Kimoja ni cha magaidi wanaotaka kutega bomu. Kingine ni cha askari wanaojaribu kuwazuia au kulitegua bomu hilo. Anayeuawa hukaa pembeni akitazama hadi raundi nyingine ianze. Kwa sababu hiyo kosa dogo huwa na gharama kubwa, na stadi ya mkono huthaminiwa kuliko kitu kingine chochote.

Toleo lililovuma zaidi, Global Offensive, lilitoka Agosti 2012. Machi 22, 2023, Valve ilitangaza mrithi wake, Counter-Strike 2, na Septemba 27 mwaka huo mrithi huyo akashika usukani. Hapo ndipo penye uzito wa habari hii: toleo jipya halikuwekwa kando ya lile la awali, bali lilikalia kiti chake.

Ili kuelewa hofu ya mashabiki, yafaa kuutazama mchezo wa bao, au ajua kama unavyoitwa na wengi magharibi mwa Kenya. Mzee aliyecheza kwa miaka 30 hatakasirika ubao wa mti ukibadilishwa kwa wa plastiki, wala kete za mbegu zikibadilishwa kwa vijiwe. Lakini ongeza shimo moja tu, na hesabu zote alizozihifadhi kichwani zitakuwa bure. Mashabiki wa Counter-Strike nao wamehifadhi hesabu zao: bunduki hupanda kiasi gani risasi zikimiminika, ni sekunde ngapi kutoka mlangoni hadi kwenye kona, na guruneti lirushwe kwa pembe ipi ili lidondoke pale panapotakiwa. Hiyo ndiyo mali yao, nao waliipata kwa jasho la miaka.

Valve ilionekana kulijua hilo. Ilibadilisha injini yote ya mchezo, lakini ikazigawa ramani zake katika mafungu matatu. Fungu la kwanza, ambamo ramani maarufu ya Dust II imo, liliachiwa njia na kuta zake vilevile. Kilichoboreshwa ni mwanga na sura za watu. La pili liliongezewa mng'ao wa kuta, maji na vyuma. La tatu pekee ndilo lililojengwa upya kabisa. Aidha, mapambo ya silaha ambayo wachezaji walikuwa wakinunua na kuuziana tangu 2013 yalihamishiwa katika toleo jipya bila kupotea.

Mageuzi makubwa yalielekezwa penye kasoro za kweli. Awali, moshi wa guruneti haukuonekana sawa kwa kila mchezaji, na mmoja aliweza kumwona adui asiyemwona yeye. Sasa moshi ni kitu kimoja kwa wote. Hujaza chumba kwa kufuata kuta zake, na risasi au mlipuko huutoboa kwa muda mfupi.

Suala la muda nalo liliguswa. Seva rasmi za Global Offensive zilikuwa zikipima hali ya mchezo mara 64 kwa sekunde, yaani takriban kila baada ya milisekunde 16. Tendo lililofanyika katikati ya vipimo viwili lilisubiri kipimo kilichofuata. Counter-Strike 2 ilikuja na utaratibu wa kunakili wakati halisi ambapo kitufe kilibonyezwa.

Hata hivyo, malalamiko hayakukosekana. Mechi ilipunguzwa kutoka raundi 30 hadi 24 kabla ya muda wa nyongeza. Baadhi ya aina za uchezaji hazikuwamo siku ya kwanza. Mojawapo, Arms Race, ilirejea Februari 2024. Uwezo wa kushika silaha kwa mkono wa kushoto ulisubiri hadi Aprili 2024. Wachezaji mahiri, waliozoea seva za kampuni nyingine zenye vipimo 128 kwa sekunde, walidai kwamba utaratibu mpya haukulingana na walichokuwa nacho. Pamoja na hayo yote, idadi ya waliokuwa wakicheza kwa wakati mmoja ilipita milioni 1.8 mwaka 2025.

Wengine hawakubahatika hivyo. Oktoba 2022, kampuni ya Blizzard ilizima seva za Overwatch na kuleta Overwatch 2, ikipunguza kikosi kutoka watu sita hadi watano. Waliokuwa wameununua mchezo wa kwanza hawakuweza kuucheza tena. Mei 2023, sehemu kubwa iliyoahidiwa kuwa ndiyo sababu ya toleo jipya ilifutwa. Mchezo ulipofika kwenye duka la Steam Agosti mwaka huo, ulipokewa kwa mafuriko ya lawama. Kampuni ya Epic Games nayo ilianza mwaka 2014 kuufufua Unreal Tournament kwa kushirikiana na mashabiki wenyewe, kisha kazi hiyo ikasimama baada ya mchezo wake mwingine, Fortnite, kuvuma.

Lakini je, mabishano haya ya Marekani na Ulaya yanamhusu vipi kijana wa Mundika, kwenye barabara itokayo Kisumu kuelekea mpaka wa Busia? Yanamhusu sana, ila kwake swali si moshi wala raundi. Swali ni mashine na umbali.

Counter-Strike ya miaka ya mwanzo ilihitaji kumbukumbu ya megabaiti 96 tu. Global Offensive ilitaka gigabaiti 2 za kumbukumbu na gigabaiti 15 za hifadhi. Counter-Strike 2 hutaka gigabaiti 8 za kumbukumbu na gigabaiti 85 za hifadhi. Mwenye tarakilishi kuukuu ya gigabaiti 4, anayenunua data kidogo kidogo kwa simu, aliweza kushiriki Septemba 26, 2023. Siku iliyofuata alijikuta nje ya mechi rasmi. Valve pia iliacha kuhudumia tarakilishi za Mac na mifumo ya zamani, ikieleza kwamba watumiaji wake hawakufika asilimia moja ya wachezaji.

Umbali nao haukarabatiwi kwa injini mpya. Seva za Valve barani Afrika ziko Johannesburg, takriban kilomita 3,000 kutoka Busia kwa mstari ulionyooka. Nuru ndani ya nyaya za mawasiliano husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hivyo kwenda na kurudi tu ni milisekunde 30 zisizokwepeka. Nyaya za baharini zilizofika Mombasa kuanzia 2009 zilipunguza sana kuchelewa huko, lakini hazikuisogeza Johannesburg karibu.

Kuna faraja moja. Counter-Strike ya awali haikufutwa. Ingali inauzwa, huendeshwa na mashine hafifu, na tarakilishi zilizounganishwa kwa waya ndani ya chumba kimoja zinaweza kuicheza bila kutegemea seva ya mbali. Kwa vijana wa mashinani, mlango huo ulioachwa wazi una thamani kuliko mng'ao wote wa Dust II.

Usiache mbachao kwa msala upitao, husema Waswahili. Kampuni inayotaka kuuhuisha mchezo wake bila kuwaudhi waliouinua inapaswa kutimiza mambo mawili: kutovuruga vipimo ambavyo mikono ya wachezaji imevizoea, na kutouzima mchezo wa kale siku ile mpya unapowashwa. La kwanza Valve ililitimiza kwa sehemu kubwa. La pili lingeigharimu kidogo tu, na lingewabakiza mchezoni wale wasio na uwezo wa kununua mashine nyingine.