Nataka kutibu watu waliokosa usingizi: nisome nini?



Baada ya mazungumzo ya afya chini ya mwembe, binti mmoja wa darasa la 11 alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Mama yake, tangu walipokimbia Mocímboa da Praia, alikuwa halali usiku. Mlango ukigongwa anatetemeka. Mshauri wa kituo cha afya alikaa naye mara kadhaa, na sasa mama analala. Binti akasema: "Nami naitaka kazi ile. Lakini shangazi ananiambia lazima niwe daktari, na udaktari si wa watu wa kambini."

Tangu vita vilipoanza Oktoba 2017, na hasa baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021, vijana wengi wameona kwa macho yao kazi ya kuwasaidia watu wenye kiwewe. Kwa hiyo tunamjibu binti huyu hapa, ili na wewe usikie.

Nani ni nani?

Wengi wakisikia neno "saikolojia" wanafikiria vichaa tu. Sivyo. Kuna watu wa aina nne ambao unaweza kukutana nao.

Daktari wa magonjwa ya akili amesomea utabibu kwanza. Yeye anaandika dawa.

Mwanasaikolojia wa tiba hatibu kwa vidonge. Anatibu kwa mazungumzo na mazoezi yenye utaratibu maalumu. Anapima tatizo, anapanga tiba, na anafuatilia kama mgonjwa anapata nafuu.

Técnico de psiquiatria ndiye unayeweza kumkuta wilayani. Msumbiji ilianza kuwafundisha mafundi hawa mwaka 1996, kwa kuwa madaktari wa magonjwa ya akili walikuwa wachache mno nchini.

Mshauri wa kituo, kama yule aliyekaa na mama wa binti, amefundishwa kwa muda mfupi. Anafanya kazi chini ya usimamizi wa aliyesoma zaidi.

Ngazi za masomo

Shangazi hakukosea kabisa. Njia ni ndefu, lakini ina ngazi, na kila ngazi ina kazi yake.

Ukimaliza darasa la 12, ngazi ya kwanza ni licenciatura ya saikolojia, kwa kawaida miaka 4. Inafuata shahada ya uzamili, yaani mestrado, karibu miaka 2. Ya mwisho ni shahada ya udaktari, yaani doutoramento, miaka 3 hadi 5. Ukijumlisha, ni miaka 9 hadi 11 baada ya darasa la 12.

Je, lazima ufike mwisho ndipo utibu watu? Inategemea nchi. Afrika Kusini, anayetaka kusajiliwa kama mwanasaikolojia wa tiba anahitaji shahada ya uzamili, mwaka mmoja wa mazoezi na mwaka mmoja wa kuhudumia jamii. Udaktari haulazimishwi. Marekani kwa kawaida wanadai udaktari.

Kwa jirani zetu, saikolojia ya tiba inafundishwa katika ngazi ya uzamili Muhimbili jijini Dar es Salaam, Makerere jijini Kampala na Chuo Kikuu cha Nairobi. Chuo cha USIU-Africa, pia Nairobi, kina shahada ya udaktari katika fani hii.

Basi udaktari ni wa nini?

Hapa ndipo penye jambo. Anayesomea udaktari hasomi vitabu tu. Anatakiwa achukue swali ambalo halijajibiwa, alifanyie utafiti, na aoneshe jibu lake mbele ya wasomi wengine. Kwa nini swali hilo likuhusu wewe uliye kambini? Angalia mfano huu.

Zamani wataalamu wengi waliamini kuwa mtu aliyepatwa na balaa akalishwe mara moja, siku zile zile, aeleze yote aliyoyaona. Ilionekana ni jambo la huruma. Utafiti ulipofanywa, ikaonekana haisaidii kuzuia maradhi, na wengine iliwazidishia. Leo Shirika la Afya Duniani halishauri njia hiyo. Mwongozo wa mwaka 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia unasema tazama, sikiliza, unganisha. Yaani mtu asilazimishwe kusema. Apewe usalama, maji na habari za ndugu zake kwanza. Huruma peke yake isingetuonesha kosa lile.

Mfano wa pili umetoka kambini, kwa wakimbizi kama wewe. Frank Neuner wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, na wenzake walifanya kazi na wakimbizi 43 wa Sudan katika makazi ya Imvepi, Uganda. Wote walikuwa na maradhi ya kiwewe kwa muda mrefu. Kundi moja lilisaidiwa kusimulia maisha yao kwa mpangilio, tangu kuzaliwa, mazuri na mabaya, kwa vikao 4. La pili lilipewa ushauri wa kawaida. La tatu lilielezwa tu ugonjwa ni nini. Wakangoja mwaka mzima, wakawapima tena. Matokeo yalitolewa mwaka 2004. Katika kundi la kwanza, waliokuwa bado wagonjwa ni karibu 29 kwa kila 100. Katika makundi mengine mawili, ni karibu 80 kwa kila 100.

Baadaye walijiuliza kama kazi hii inaweza kufanywa na mtu asiye na shahada, akifundishwa vizuri. Katika makazi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia walishiriki, na tiba ilitolewa na washauri wasio wataalamu waliofundishwa kwa kazi hiyo. Kwa matokeo ya mwaka 2008, waliopona baada ya kusimulia maisha yao ni 70 kwa kila 100. Waliopata ushauri nasaha ni 65. Wasiopewa tiba ni 37.

Unaona sasa? Msomi alijaribu njia, akapima, akafundisha, akasimamia. Mshauri ndiye aliyekaa na watu. Udaktari ni kwa ajili ya kujua nini kinaponya na kuwafundisha wengi.

Uanzie wapi leo?

1. Shika makaratasi yako. Wengi waliacha vyeti vikiungua. Kama huna bilhete de identidade wala cheti cha kuzaliwa, anza na ofisi ya usajili. Kwa vyeti vya shule, nenda ofisi ya elimu ya wilaya au ya mkoa, utaje shule, mwaka na darasa. Usingoje hadi siku ya kujiunga na chuo.

2. Maliza darasa la 12. Soma Kireno vizuri, hesabu usizikimbie, kwa sababu utafiti ni kuhesabu. Kiingereza kitakusaidia baadaye.

3. Usiione haya lugha yako. Mama anayeota ndoto mbaya kwa Kimwani au Kimakonde hawezi kuzieleza vizuri kwa Kireno. Anayejua lugha ya mgonjwa ana nusu ya kazi mkononi.

4. Ulizia ufadhili unaokuhusu. Kama ulikimbia nchi nyingine na umesajiliwa kama mkimbizi, uliza kuhusu DAFI, ufadhili ulioanza mwaka 1992 kuwasomesha wakimbizi shahada ya kwanza. Kama wewe ni Mmsumbiji uliyehama ndani ya nchi yako, huo si wako. Ulizia Instituto de Bolsas de Estudo. Fomu ya ufadhili hainunuliwi: anayekudai pesa, mkatae na utoe taarifa.

5. Jitolee kituoni. Utajifunza kusikiliza na kutunza siri. Lakini usijaribu kumtibu mtu peke yako. Ukiona mtu anataka kujiua au hali wala hanywi, mlete kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kwa wazazi na walezi

Shangazi, dada, baba: miaka 11 ni mingi, na mahitaji ya nyumbani hayangoji. Hatusemi vinginevyo. Lakini binti akiishia licenciatura, anaweza kufanya kazi. Akienda ufundi wa magonjwa ya akili, wilaya zetu zinamhitaji. Akifika udaktari, atawafundisha wengine. Hakuna ngazi atakayoipanda ikawa hasara. Hasara ni kumtoa shule darasa la 11.

Binti yule tulimwambia aje na mama yake, tuanze na cheti cha kuzaliwa. Nawe kama una swali kama lake, fika mezani kwetu kituo cha afya, asubuhi yoyote ya kazi. Mazungumzo ni bure, na utakayotuambia yanabaki kwetu.