Jiwe Lapimwa, Pafu Halipimwi

Kwenye maduka ya wanunuzi wa madini Musompo, nje ya Kolwezi nchini Kongo, mchimbaji akifungua gunia, mnunuzi huligusisha jiwe kifaa kiitwacho Metorex, na papo hapo kiwango cha kobalti kinajulikana. Wachimbaji hulalamika kwamba kifaa hicho huwapunja; hilo tuliache kwa leo. Linalonishughulisha ni vumbi walilovuta mpaka gunia likajaa.

Shaba na kobalti ya Kolwezi imelala pamoja na miamba yenye silika tele, ile ambayo wanajiolojia huiita RSF na RSC. Ukiipiga mtalimbo, ukaiponda na kuichekecha ikiwa kavu, hutoa chembe ndogo mno. Vumbi jekundu linaloonekana, sehemu kubwa hunaswa puani. Zinazoua ni chembe zisizoonekana, zinazofika ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Hiyo ndiyo silikosisi. Haina dawa ya kuiponya, na kitambaa cha mdomoni hakiizuii.

Hatari hii hupimika. Mchimbaji huvishwa pampu ndogo kiunoni, mpira wake ukafungwa karibu na kola, ivute hewa anayoivuta yeye zamu nzima. Kisha kichujio hupelekwa maabara. Mwaka 2015 vilichapishwa vipimo vya machimbo ya dhahabu ya Rwamagasa, mkoani Geita, Tanzania: waliotoboa mwamba chini ya ardhi walikuwa katika hewa yenye wastani wa miligramu 16.85 za silika kwa kila mita ya ujazo. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, inashauri isizidi 0.05. Kolwezi nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na wataalamu wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven ulipima kobalti katika mkojo na damu ya wakazi wa mtaa wa Kasulo. Lakini mkojo hausemi silika imefanya nini mapafuni.

Ugonjwa huu mara nyingi hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, mtu ameshaacha mashimo na kupanda treni ya Dilolo kurudi kwao Kasaji. Anakohoa, anakonda, anaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Huenda kweli anacho, maana silika hukiongezea nguvu; huenda hana, na dawa za miezi 6 zisimfae kitu.

Muuguzi wa Kasaji asingoje mashine za vipimo. Amuulize mgonjwa: ulichimba wapi, miaka mingapi, uliponda mawe makavu? Na majibu ayaandike kwenye fishi ya mgonjwa.